Peoni, mguu wa silabi nne: Ugiriki ya kale, Kiingereza, na mshororo wa utenzi

*Shikamoo Mwalimu. Nasomea ualimu wa fasihi, na nikipata nafasi hutunga tenzi. Katika kitabu kimoja cha nadharia ya ushairi wa Kiingereza nimekuta jedwali la miguu ya mashairi, yaani vile vikundi vidogo vya silabi vinavyojirudia ndani ya mshororo. Mwisho kabisa wameweka mguu unaoitwa peoni: silabi 4, moja nzito na tatu nyepesi, aina 4 kulingana na mahali ilipokaa ile nzito. Pembeni wameandika kwamba ni nadra sana, na mfano hawakutoa hata mmoja. Kama ni nadra kiasi hicho, mbona wanauorodhesha? Wagiriki waliutumia wapi? Na mshororo wa utenzi wenye mizani 8, si ni peoni mbili zilizofuatana?*

Marahaba. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, lakini halijibiki kabla ya yale mawili ya mwanzo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Jedwali hilo nalifahamu, maana vitabu hulinakili kimoja kutoka kingine. Asili yake ni wanasarufi wa kale wa Ugiriki na Roma, watu waliopenda kupanga mambo mpaka yatimie. Ukiwa na silabi 4 na moja tu kati yake ndiyo nzito, hiyo nzito inaweza kukaa mahali 4. Basi wakaandika aina 4, wakazipa namba, wakaendelea na mguu mwingine. Hesabu yao ni sahihi, ila washairi hawakuwa wakitunga kwa kufuata hesabu hiyo. Washairi wa Kigiriki walitumia peoni ya kwanza na ya nne. Ya pili na ya tatu zilibaki kuwa majina kwenye orodha. Ukija kwenye Kiingereza mambo yanageuka: ya tatu ndiyo sikio linayoidaka upesi, na ya kwanza ina mshairi mmoja mkubwa aliyeikumbatia. Kwa maneno mengine, jina ni moja lakini limebandikwa juu ya vitu viwili, na kitabu chako kimevichanganya.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kigiriki cha kale hakikupima shairi kwa mkazo, kilipima kwa muda. Silabi ilikuwa ndefu au fupi: ndefu kama irabu yake inavutwa, au ni irabu mbili zilizoungana, au silabi imefungwa na konsonanti, zilizobaki zote fupi. Ndefu moja ilichukua muda wa fupi mbili. Aliyepita chuoni akafundishwa tajwidi hatapata taabu hapa, kwa sababu anajua kwamba madda huvutwa, na kwamba kuvuta sauti si kuipaza. Hata aruzi ya Waarabu, yaani elimu yao ya vipimo vya ushairi, ile aliyoipanga al-Khalil bin Ahmad huko Basra katika karne ya 8, imejengwa juu ya tofauti ya namna hiyo. Sisi katika Kiswahili hatuna silabi ndefu za aina hiyo. Neno "kaa" kwetu ni mizani mbili, basi. Kiingereza nacho hupima kwa mkazo: silabi ipi imepigwa kwa nguvu, na ipi imepitiwa juu juu.

Sasa peoni ya Kigiriki. Ina ndefu moja na fupi tatu. Ukihesabu kwa muda unapata 2 na 1 na 1 na 1, jumla vipimo 5, na hapo kwenye tano ndipo penye utamu wake. Daktili (ndefu moja na fupi mbili) ya Homer, mshairi wa tenzi za kale za Kigiriki, ina vipimo 4, inagawanyika 2 kwa 2. Iambi (fupi, ndefu) na troki (ndefu, fupi) zina 3, zinagawanyika 2 kwa 1. Peoni hugawanyika 3 kwa 2. Haigawanyiki nusu kwa nusu, wala upande mmoja hauwi mara mbili ya mwenzake. Mwanamuziki wa leo angeiandika 5/8.

Inaye ndugu anayeitwa kretiki: ndefu, fupi, ndefu. Hesabu: 2, 1, 2, nayo ni tano. Mshairi aliruhusiwa kuvunja ndefu moja na kuweka fupi mbili mahali pake. Vunja ndefu ya mwisho ya kretiki, unapata ndefu na fupi tatu, yaani peoni ya kwanza. Vunja ndefu ya mwanzo, unapata fupi tatu na ndefu, yaani peoni ya nne. Chukua kalamu ujaribu kupata ya pili au ya tatu kwa njia hiyohiyo: haiwezekani, kwa sababu zote mbili zinaanza na kuishia kwa fupi, na ndefu yake imekaa ndani, wakati kretiki ndani ina fupi. Ndiyo maana Wagiriki hawakuwa na kazi nazo.

Kitabu chako kimekunyima mfano, mimi nitakupa wa vichekesho. Mwaka 425 KK mjini Athens ilichezwa tamthilia ya Aristophanes ambayo kwaya yake ni wazee wa Acharnae, kijiji cha wachoma mkaa. Wazee hawa wanaingia jukwaani wakimfukuza mtu aliyebeba mkataba wa amani kutoka Sparta, adui wa Athens vitani, nao hawataki kusikia habari ya amani. Mtu amewaponyoka. Wanalia hivi (herufi kubwa ni silabi ndefu, na kistari cha wima kinaonyesha mguu unapoishia):

EK-pe-PHEU | GOI-khe-TAI | PHROU-do-SOI | MOI-ta-LAS | TON-e-TON | TON-e-MON

Maana yake: katoroka, kaenda zake, haonekani, ole wangu na hii miaka yangu! Hizo ni kretiki 6 safi, hakuna iliyovunjwa. Wazee wamesimama wanahema. Kisha kumbukumbu za ujana zinawajia, na angalia mshairi anachofanya:

OU-ka-ne-pe | MES-ge-ne-o | TE-to-so-te | GO-phe-RON | AN-thra-KON | PHOR-ti-ON

Yaani: isingekuwa hivi enzi za ujana wangu, nilipokuwa nimebeba mzigo wa mkaa. Sentensi inaendelea kwamba na mzigo huo aliweza kwenda sambamba na Phayllos, mkimbiaji aliyevuma wakati huo. Miguu 3 ya mwanzo ni peoni za kwanza, 3 za mwisho ni kretiki. Anapotaja ujana silabi zinamiminika fupifupi, na mara tu mkaa unapotajwa zinarudi kuwa ndefu na nzito. Muda wa kila mguu haujabadilika, bado ni vipimo 5. Kilichobadilika ni idadi ya silabi zilizoingizwa ndani ya muda huo. Soma mistari hiyo miwili kwa sauti huku ukipiga meza mara moja mwanzoni mwa kila mguu, utaona kwamba kwa Mgiriki peoni na kretiki ni mguu mmoja katika hali mbili.

Kwa nini basi ni nadra? Sababu ya kwanza ni Homer. Utanzu uliotawala ushairi wa Kigiriki ulikuwa utenzi wa kishujaa, na mshororo wake, heksamita, hauruhusu fupi moja kukaa katikati ya ndefu mbili, wala fupi tatu kufuatana. Kwa hiyo kretiki haiingii, peoni haiingii. Mshairi akiwa na neno lenye umbo hilo alilazimika kulikunja kidogo matamshi yake au kutafuta neno jingine. Sababu ya pili ni majibizano ya jukwaani, ambayo yalitungwa zaidi kwa iambi, mguu ambao mwanafalsafa Aristotle anasema ndio ulio karibu kabisa na mazungumzo ya watu. Peoni ikabaki kwenye wimbo, na hasa wimbo wa kuchezwa kwa miguu. Katika vichekesho vya Aristophanes inajitokeza mara kwa mara. Katika tanzia ni ya kutafuta.

Wagiriki wenyewe waliihusisha na kisiwa cha Krete. Strabo, mwanajiografia aliyeandika karibu na mwanzo wa enzi ya Kristo, anasema mtindo wa kretiki ni wa Wakrete na kwamba aliyeuanzisha alikuwa Thales, yule ambaye wengine humwita Thaletas, na huyo ndiye wanayemtaja pia kuwa mtungaji wa paiani, nyimbo za kumsifu mungu Apollo. Jina la mguu limetoka huko. Habari za Thaletas zina mchanganyiko wa historia na hadithi, kwa hiyo mimi huzipokea kwa tahadhari. Lakini uhusiano wa mguu huu na Apollo una ushahidi wa kushikika, tena wa mawe.

Mwaka 1893 wanaakiolojia wa Kifaransa waliokuwa wakichimba Delphi, mahali patakatifu pa Apollo, walipata vipande vya mawe vilivyokuwa sehemu ya ukuta wa Hazina ya Waathens, jengo dogo la kuwekea sadaka zao. Juu yake zimechongwa nyimbo mbili za kumsifu Apollo, pamoja na alama za muziki juu ya maneno. Kwa kawaida huwekwa katika miaka ya 128 na 127 KK, wakati Athens ilipotuma msafara wa ibada Delphi. Wa pili ulitungwa na Limenios wa Athens. Zimejengwa kwa kretiki na peoni, na mara nyingine hata ndefu zote mbili huvunjwa, mguu ukawa fupi tano mfululizo. Kuna jambo moja dogo katika uchongaji wake ninalolipenda: pale silabi ndefu inapoimbwa kwa noti mbili, mchongaji ameiandika irabu mara mbili, kwa hiyo jina Phoibos, ambalo ni jina la Apollo, linasomeka Phoioibos. Anayechonga jiwe hapotezi nyundo bure. Alitaka msomaji ajue jinsi ule muda ulivyogawanywa.

Wimbo wa kwanza ulisikika tena mwaka uliofuata. Théodore Reinach aliufasiri kwa noti za kisasa, Gabriel Fauré akauandalia muziki wa kuusindikiza, na Juni 1894 ukaimbwa Sorbonne, Paris, katika mkutano ule ulioitishwa na Pierre de Coubertin ambao ndio uliozaa Michezo ya Olimpiki ya kisasa. Wajumbe waliokaa pale walisikiliza mwendo wa tano, huenda wengi wao bila kujua una jina.

Mahali pengine peoni ilipopata heshima patakushangaza, kwa sababu si katika ushairi. Katika kitabu cha 3 cha Retoriki, Aristotle anajiuliza hotuba inafaa kuwa na mwendo gani. Isiwe na vipimo kama shairi, kwa sababu wasikilizaji watahisi wanachezewa. Isikose mwendo kabisa, kwa sababu itakuwa haina mwisho. Heksamita ameiona ina majivuno mno, iambi ni ya kawaida mno, troki inafanana mno na ngoma. Inabaki peoni. Hoja yake ni kwamba kati ya miendo yote hii peke yake haitengenezi mshororo unaotambulika mara moja, kwa hiyo inaweza kupita ndani ya hotuba bila kukamatwa. Anasema wasemaji walikuwa wakiitumia tangu wakati wa Thrasymachus, mwalimu wa ufasaha, bila kuweza kusema ni kitu gani.

Kisha anatoa agizo: anza sentensi kwa peoni ya kwanza, imalize kwa ya nne. Sababu yake ni kwamba sentensi ikiishia kwa silabi fupi inabaki kama imekatwa mkono. Mwisho, anasema, unapaswa kujulikana kwa mwendo wenyewe, usitegemee alama ya mwandishi pembeni mwa karatasi. Mfano wake wa peoni ya nne ni mshororo mmoja ambao ningeufundisha kila darasa kama ningepewa muda:

me-ta-de-GAN | hu-da-ta-TO | ke-a-no-NE | pha-ni-se-NUKS

Baada ya nchi kavu na maji, usiku uliifuta bahari kuu. Peoni 4 za nne, kila moja ikikimbia fupi tatu na kutua kwenye ndefu, na ile ya mwisho inatua kwenye neno lenyewe la usiku, nuks.

Warumi walilichukua somo hilo wakaligeuza kwa ladha yao. Cicero, msemaji wao mashuhuri, alipenda kumaliza sentensi kwa maneno *esse videatur*, yaani "ionekane kuwa". Yapime: ES-se-vi-de ni peoni ya kwanza, na A-TUR imefuata nyuma yake. Wanafunzi wake wa vizazi vilivyofuata wakaona hiyo ndiyo hirizi ya ufasaha. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Kirumi, analalamika kuhusu watu waliodhani kwamba wamempata Cicero mzimamzima kwa kuweka *esse videatur* mwishoni mwa sentensi, na mwanahistoria Tacitus naye, katika kitabu chake cha majadiliano, ana msemaji mmoja anayeikejeli tabia ya kuibandika kila baada ya sentensi mbili tatu. Mguu uliosifiwa kwa kutokamatwa ukawa ndio wa kwanza kukamatwa.

Kwenye Kiingereza hakuna vipimo vya muda. Ukisema peoni unamaanisha silabi moja yenye mkazo na tatu zisizo nao. Na hapo linakuja tatizo ambalo Wagiriki hawakuwa nalo: Kiingereza hakipendi silabi tatu nyepesi zifuatane. Zikifuatana, ya katikati huelekea kuinua kichwa na kupata mkazo mdogo, na mguu wako wa silabi 4 ukagawanyika kuwa miwili ya silabi mbilimbili. Chukua mshororo huu wa Banjo Paterson wa Australia, kutoka shairi lake la mwaka 1889 kuhusu mchunga ng'ombe aitwaye Clancy (kuanzia hapa herufi kubwa ni silabi yenye mkazo):

And an AN-swer | came di-REC-ted | in a WRI-ting | un-ex-PEC-ted

Jibu likaja kwa anwani, katika mwandiko usiotarajiwa. Nyepesi, nyepesi, nzito, nyepesi, mara 4: peoni ya tatu, ile ambayo Mgiriki hakuwa na habari nayo. Kwa kusikia hivi, sina shaka. Lakini mtaalamu mwingine atakuambia hizo ni troki 8, ambazo moja moja zimepigwa kwa nguvu na nyingine kwa upole. Atakuonyesha *came*, ambayo ni kitenzi na haitaki kupitiwa, na *un-*, ambayo ina mkazo wake mdogo. Wewe utamwonyesha *and* na *in a*, maneno ambayo hakuna Mwingereza anayeyapiga. Hakuna atakayeshinda, kwa sababu mshororo wenyewe unaruhusu yote mawili, na ule mwendo wa farasi wa shairi zima unatokana na kwamba mikazo mikubwa inakuja kila baada ya silabi 4. Hiki ndicho ninachodhani kilimfanya mwandishi wa jedwali lako aandike kwamba ni nadra: mishororo yenyewe ipo mingi, ila mingi imeandikishwa kwa jina jingine.

Mshairi mmoja alisema waziwazi kwamba anatunga kwa peoni, naye ni Gerard Manley Hopkins. Alikuwa padri Mjesuti aliyesoma Kigiriki na Kilatini Oxford, na tangu 1884 akafundisha Kigiriki Dublin. Alibuni utaratibu wake wa mkazo ambao mguu unaweza kuwa na silabi 1 hadi 4, mradi mkazo uwe mwanzoni, na katika maelezo yake ule wa silabi 4 ameuita peoni ya kwanza. Shairi lake kuhusu ndege aina ya kozi anayeelea juu ya upepo, *The Windhover*, alilitunga Wales Mei 1877, na juu yake akaandika kwamba mwendo wake ni wa peoni inayoshuka. Halikuchapishwa mpaka 1918, miaka 29 baada ya kifo chake, pale rafiki yake Robert Bridges alipotoa kitabu cha mashairi yake. Angalia mshororo wake wa tatu:

Of the ROL-ling le-vel | UN-der-neath him | STEA-dy air, and | STRI-ding

Unausema ule upepo unaobingirika chini ya ndege, ulio sawa, uliotulia. Nikiusoma hivi, nikiacha *Of the* ianze kama pumzi ya kujiandaa, nasikia peoni 3 za kwanza kamili na mguu wa mwisho wenye silabi mbili. Wapo wanaousoma tofauti, kwa sababu shairi ni soneti, shairi la mishororo 14, na sikio lililozoea soneti linataka mikazo 5, wakati hapa nimepata 4 tu. Wao wataupa mkazo *neath* au *air*, nami siwezi kuwazuia. Ila nina sababu ya kushikilia yangu. Ukipiga kila troki, ndege anapiga mbawa. Ukipiga mkazo mmoja na kuziacha silabi tatu zipite, ndege anaelea, na shairi linasema alikuwa ameelea.

George Saintsbury, mhakiki wa fasihi aliyekuwa profesa Edinburgh, alikuwa na msimamo mkali zaidi. Katika ushairi wa Kiingereza alikataa mguu unaozidi silabi 3. Lakini alipoandika historia ya mwendo wa nathari ya Kiingereza, iliyotoka 1912, alizifungulia peoni mlango zikaingia kwa wingi. Tazama alivyorudi palepale kwa Aristotle, baada ya zaidi ya miaka 2,200.

Sasa utenzi wako. Jibu fupi ni hapana, mshororo wa utenzi haukujengwa kwa peoni, kwa sababu kanuni yake ni idadi ya mizani na kina, na mkazo haumo katika sheria. Lakini swali lako halikuwa la ovyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yetu mengi, hasa vitenzi vilivyonyambuliwa, yana silabi 4. Neno la silabi 4 lenye mkazo huo ni nyepesi, nyepesi, nzito, nyepesi. Ni peoni ya tatu, tena bila ubishi wa akina Paterson, kwa kuwa neno zima lina mkazo mkuu mmoja. Angalia ubeti wa kwanza wa utendi wa Mwana Kupona, wa 1858:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Mshororo wa tatu ni u-pu-LI-ke | wa-si-A-ti. Wa pili ni m-cha-CHE-fu | wa-sa-NA-ti. Kwa mkazo, hizo ni peoni za tatu mbilimbili, kamili kabisa. Lakini wa kwanza unavunja mambo: mkazo upo kwenye GE, kwenye WA na kwenye BI, na ili mizani zifike 8 lazima n ya "binti" ihesabiwe peke yake. Wa nne una A ya "asa" mwanzoni, kisha mkimbio mrefu mpaka TI. Mwana Kupona hakukosea popote, kwa sababu sheria aliyoifuata haikuhusu mkazo. Laiti angekuwa anatunga kwa peoni, mshororo wa kwanza na wa nne ungekuwa kasoro, na hakuna msikilizaji wa Lamu au Pate ambaye angeuona hivyo.

Unaweza, hata hivyo, kuifanya peoni kuwa sheria yako mwenyewe. Nimetunga ubeti huu kwa ajili ya jibu hili:

Nimekuja nimechoka
safarini nimetoka
karibisha kwa haraka
mlangoni nasubiri

Kila mshororo una mkazo kwenye mizani ya 3 na ya 7, na hakuna kwingine isipokuwa vivuli. Sasa weka "Leo nimefika hapa" mahali pa mshororo wa kwanza. Mizani ni 8 zilezile, kina ukirekebishe utakavyo, lakini mkazo umekwenda kwenye 1, 5 na 7, na mwendo umekatika. Ukitunga beti 10 za namna ya kwanza utaona jambo jingine: zinachosha. Sikio linajua kinachokuja, halisikilizi tena maneno. Nadhani ndiyo sababu watunzi wetu, ambao peoni ya tatu wanaipata bure kila siku, hawakuwahi kuona haja ya kuilazimisha.

Kuhusu peoni nyingine, Kiswahili kinakubania. Ya nne inataka mkazo uwe silabi ya mwisho, na neno letu haliishii hivyo. Ya kwanza inataka mkazo ufuatiwe na silabi tatu nyepesi, jambo utakalolipata tu kwa kuunganisha neno fupi na refu, kama "LEo nime-". Kwa hiyo zile mbili ambazo Wagiriki walizichezea Delphi ndizo zinazotukimbia, na moja ya zile walizoziacha kwenye jedwali ndiyo imejaa vinywani mwetu.

Ukiandika insha yako ya chuo, usiseme kwamba utenzi una miguu ya peoni. Msahihishaji makini atakukata alama, na atakuwa na haki. Sema kwamba mkazo wa mizani ya 7 karibu haukwepeki, kwa kuwa mshororo huishia na neno na neno lina mkazo mahali pake. Kisha onyesha kwamba uhuru wa mtunzi uko kwenye mizani 6 za mwanzo, na hasa ya 3: pale mkazo unapoiangukia na zile jirani zikabaki nyepesi, mshororo unapata umbo ambalo nadharia ya Ulaya huliita peoni ya tatu. Chagua utenzi mmoja, hesabu beti kadhaa zinazofuatana, uone mtunzi analiacha umbo hilo wapi na analirudia wapi. Na kabla ya kuhesabu, tafuta mtu anayejua kuughani, kwa sababu mahadhi nayo yana mikazo yake, na mara nyingi hayaombi ruhusa kwa neno.